Nilivyolivunja Wimbi kwa Manufaa ya Chuo

Jumatatu, 9 Juni

Siku kubwa! Mkuu wa Idara ametuita ofisini kwake, mimi na Kalamu Nne. Huyu ni mwenzangu wa idara ya fizikia. Ana kalamu nne mfukoni mwa shati na zote zinaandika. Mtu wa namna hiyo si wa kumwamini.

Mkuu akasema chuo kinakitaka chumba chetu cha mawimbi kiwe stoo ya viti. Viti! Wajumbe wa bodi wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Tukiwaonyesha kazi yenye maana, chumba kinabaki. Tusipoonyesha, chumba kinakwenda, na mkataba wangu unaokwisha mwezi ujao unakwenda nacho. Wa Kalamu Nne ni wa kudumu. Hilo Mkuu hakulisema kwa mdomo. Alilisema kwa kuinamisha kichwa kwa huruma, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna wimbi la redio, fupi, upana wa vidole viwili hivi, linakuja limenyooka kama ukuta. Linaligonga tufe la chuma. Linatawanyika. Swali: kiasi gani kinakwenda upande gani? Kalamu Nne atapima kwa vyombo. Mimi nitakokotoa kwa kompyuta. Vipimo vyake na hesabu zangu vikipatana mbele ya wageni, tumepona.

Mkuu alisema, "Mtasaidiana." Mimi nikasikia, "Mtashindana." Herufi chache tu hapo katikati.

Mpango: hesabu naimaliza kesho. Halafu napima mwenyewe kwa siri, nyumbani. Ijumaa nitasimama mbele ya bodi na vyote viwili, naye atasimama na kalamu zake.

Wakati wa kula nimemweleza mke wangu. Anafundisha jiografia sekondari, kichwa chake kinafanya kazi. Nikamwambia wimbi limenyooka, tufe ni la mviringo, haviongei lugha moja. Kwa hiyo unalikata wimbi katika vipande vya mviringo: cha kwanza, cha pili, cha tatu, kila kimoja kina vilima na mabonde mengi kuliko mwenzake aliyetangulia. Unalipatia tufe kipande kimoja kimoja, linajibu, unajumlisha majibu. Akasema basi ni kama fundi cherehani anayegeuza shuka kuwa kofia. Nikamwambia si hivyo hata kidogo.

Ni hivyo kabisa. Lakini mtu hukubali mambo ya aina hiyo mara ngapi kwa mwaka?

Jumanne, 10 Juni

Hujuma!

Programu nimeiandika asubuhi, safi kama sahani. Nikaanza kujumlisha vipande kuanzia sifuri, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Nikabonyeza. Kompyuta ikagoma kwenye kipande cha kwanza kabisa. Ikasema nimegawanya kwa sifuri. Mimi!

Jana jioni Kalamu Nne alionekana karibu na kompyuta hiyo. Fundi wa maabara anasema alikuwa anaifuta vumbi. Nani anafuta vumbi kompyuta ya mwenzake bila sababu?

Nikatega mtego. Nikabandika unywele wangu mmoja juu ya kitufe cha kuwashia, nikatoka kwenda kufundisha. Niliporudi, unywele haupo! Nikamwita fundi awe shahidi. Fundi akaniuliza kama nimeona feni iliyo juu ya kichwa changu. Nikaiona.

Saa kumi Kalamu Nne akaja na vikombe viwili vya chai. Akatazama kioo cha kompyuta, akavuta kiti. Ana kasi ya kinyonga huyu bwana akiongea. Akasema, "Ndugu yangu, wimbi letu halina kipande cha sifuri. Kipande cha sifuri ni kama puto, linavimba na kusinyaa pande zote kwa pamoja. Sauti inaweza kufanya hivyo. Letu linatikisika kwa upande tu, kuvimba haliwezi. Anza na moja."

Nikamwambia najua, nilikuwa naijaribu kompyuta uaminifu wake.

Nimeanza na moja. Imekubali. Chai yake pia ilikuwa nzuri, nimeinywa kwa tahadhari.

Jumatano, 11 Juni

Leo nimefanya kazi ya watu kumi. Nimegundua kwamba kila kipande kinaweza kugeuzwa na kusimama kwa namna nyingi. Kipande cha kumi kina namna ishirini na moja! Kalamu Nne hakunitajia hili jana. Nimemkamata: alitaka niziache nusu nje, niaibike. Nikaziingiza zote.

Kompyuta imekokotoa tangu asubuhi. Imepata joto hadi fundi wa maabara ameanika taulo lake juu yake, akasema tangu aajiriwe hajawahi kuona kifaa cha idara yetu kikiwa na faida.

Saa tisa matokeo yakaanza kutoka. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Kurasa kwa kurasa za sifuri, na hapa na pale namba moja imejibanza kama mgeni asiyejua mtu harusini.

Kalamu Nne akapita. Simwiti, anapita tu. Akasema wimbi likija moja kwa moja kwenye tufe, likiwa limenyooka, ni namna mbili tu za kila kipande zinazobaki: moja ya kulia, moja ya kushoto. Nyingine zote ni bure. Akasema angenidokeza jana, lakini niliondoka mbio.

Kwa hiyo kompyuta ya serikali imefanya kazi kutwa nzima kukokotoa sifuri. Lakini ni sifuri safi! Zina desimali kumi na tano kila moja. Sidhani kama kuna chuo chenye sifuri sahihi kuliko zetu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepata njia ya mkato. Kwa nini nijumlishe vipande vingi? Vitatu vinatosha. Mafiga ni matatu na chungu hakianguki.

Programu ikaisha kabla sijakaa vizuri kitini. Nikachora mchoro, nikaupaka rangi, nikaupeleka kwa Mkuu kabla Kalamu Nne hajafika kazini. Nikamwambia tayari, Profesa, na wiki nzima mkononi!

Mkuu akavaa miwani. Akautazama mchoro ukiwa wima, akaugeuza, akautazama tena. Akauliza nyuma ya tufe kuna nini. Nikasema hakuna kitu, Profesa, wimbi linaendelea na safari. Akauliza kivuli kiko wapi. Tufe la chuma kubwa kuliko mpira wa miguu, linapigwa na wimbi la vidole viwili, halina kivuli?

Nikasema kivuli kipo kwenye kiambatisho.

Akasema anakisubiri kiambatisho.

Nikamkuta Kalamu Nne kwenye ngazi. Sijui alijuaje. Akasema kwa vipande vitatu wimbi halioni tufe, linaona punje ya njegere. Tufe likiwa kubwa, vipande lazima viwe vingi. Nikamwambia kuna njegere kubwa pia. Akacheka, akanipigapiga begani. Anacheka kwa moyo mweupe kabisa. Hizo ndizo mbinu zake.

Jumamosi, 14 Juni

Leo ndiyo leo. Jaribio la siri!

Jana nilimwambia fundi wa maabara kwamba napeleka kirushaji na kipokezi nyumbani nikavisafishe. Ni viboksi viwili vyenye mdomo kama faneli, kimoja kinatoa wimbi, kingine kinalipokea. Tufe sikuwa nalo. Lakini mke wangu ana tufe la dunia la kufundishia, amekabidhiwa na shule. Duara safi! Alipokwenda sokoni nikalipaka gundi na kulivika karatasi ya alumini ya jikoni, bara na bahari. Likang'aa! Nikaliweka juu ya stuli katikati ya sebule.

Tatizo lilikuwa Mama Mkwe. Amekuja kututembelea na amekaa kwenye kochi tangu Alhamisi. Nikamwomba kwa heshima zote asogee. Akasema, "Mwanangu, magoti haya yakishakaa yamekaa. We fanya mambo yako, mimi sikuangalii." Akaniangalia muda wote.

Nikazunguka na kipokezi, nikasoma namba, nikaandika. Yote yalikwenda vizuri hadi nilipofika usawa wa kochi. Namba ikaruka! Mara sita ya nyingine zote! Nikarudi nyuma, ikashuka. Nikasogea mbele, ikaruka. Tufe la dunia linatupa nguvu zake zote upande wa Mama Mkwe! Jambo jipya katika sayansi!

Ndipo nikaona amepakata sinia la bati. Anachagua mchele.

Nikamwomba aweke sinia chini. Akaniuliza kama mchele ukiwa na mawe nitakula mimi.

Mke wangu akarudi katikati ya mjadala huo. Akasimama mlangoni na kikapu. Akaitazama stuli, akalitazama lile lidude linalong'aa, akauliza kwa sauti ndogo sana kama ile ni dunia yake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, karatasi inatoka. Nikaivuta.

Karatasi ilitoka. Bahari kubwa kuliko zote ikatoka nayo.

Akapeleka kikapu jikoni. Angesema ningejua pa kuanzia.

Jumapili, 15 Juni

Nimeshinda nikiichora bahari upya kwa rangi ya mlango. Bluu yenyewe imekolea kidogo. Visiwa nimevirudisha kwa kukumbuka.

Mke wangu akaja akavikagua kwa kidole. Akasema vitatu havipo duniani. Nikamwambia ni vya baadaye, ardhi inasogea, yeye ndiye mwenye somo. Mama Mkwe alicheka kwenye kochi hadi akashika mbavu, na mke wangu naye akacheka, shingo upande lakini akacheka. Nafuu.

Baadaye tukiwa tunaosha vyombo akasema jambo. Akasema, "Huyo mwenzio anakusaidia bila kuombwa, wewe unamwekea unywele. Ipo siku utamhitaji, utaona aibu kumtazama. Njia ya mwongo ni fupi, mume wangu."

Nikamwambia mimi si mwongo. Mimi ni mtu wa mikakati.

Akasema sahani niliyoshika nimeshaiosha mara nne.

Jumatatu, 16 Juni

Sijui niandike vipi. Siku ilianza kwa fahari, ikaenda kwa aibu, halafu ikawa kitu kingine.

Asubuhi nikaamua: kama vipande vitatu ni vichache, nitatia mia mbili. Hakuna atakayeniambia habari ya njegere tena. Kwanza nikataka kulihakiki wimbi lenyewe kabla halijagonga kitu. Nimelivunja vipande, sasa nivijumlishe nione kama linarudi lile lile lililonyooka.

Likarudi na nguvu yenye tarakimu zaidi ya mia moja.

Nikasimama. Nikakaa. Nikawaza: wimbi dogo la boksi la faneli, ukilivunja na kuliunga, linatoa nguvu kuliko jua! Hakutakuwa na shida ya umeme tena duniani! Nikaingia chumba cha walimu nikatangaza. Mwalimu wa kemia akanipa mkono. Wa takwimu akauliza kama nguvu hiyo inaweza kurekebisha feni. Kalamu Nne akanishika kiwiko taratibu, akanitoa nje kama anayemtoa mtu msibani.

Tukakaa mbele ya kompyuta. Akauliza kila kipande nakipataje. Nikasema kutokana na viwili vilivyokitangulia, napanda ngazi. Akasema ndipo ugonjwa ulipo. Ukipanda mbali kupita kiasi, kosa dogo la kompyuta, dogo kuliko chembe ya vumbi, linapanda nawe na kila ngazi linanenepa. Mia mbili ni mbali mno. "Na huvihitaji," akasema. Akachora duara kwenye karatasi, na mistari inayopita pembeni yake. Vipande vya mwanzo vinapita karibu na kitovu cha tufe, vya mbele vinapita mbali zaidi, na vikikaribia hamsini vinapita nje kabisa, havigusi tufe. Vya nini kujisumbua na wapita njia?

Tukakata kwenye arobaini na tano. Nikabonyeza.

Nataka niseme ukweli, maana hii ni shajara yangu na hakuna anayesoma. Kile kitu kilikuwa kizuri. Vipande vyote ni vya mviringo, vimejaa vilima na mabonde, hakuna hata kimoja kilichonyooka. Tukavijumlisha, mstari mmoja mmoja ukatokea kwenye kioo, umenyooka kama umepigwa rula. Ukuta mzima wa wimbi, umetoka kwenye miviringo mitupu. Fundi wa maabara alikuja kuchukua taulo lake, akasimama nalo begani.

Kisha tukaliweka tufe katikati. Wimbi likatawanyika, na nyuma yake, kivuli! Kivuli chenye doa dogo la mwanga katikati, kama inavyotakiwa.

Kalamu Nne akaniambia hongera, nimefanya kazi kubwa. Nikaihifadhi nikaiita "ya Jumatatu".

Najiuliza hadi sasa: anafurahia nini?

Jumatano, 18 Juni

Balaa!

Leo Kalamu Nne amepima. Tufe lake la chuma limetoka karakana, amelitundika kwa uzi, akalizungushia kipokezi siku nzima kwa uvumilivu wa mtu anayenyonyesha mapacha. Alipotoka kunawa mikono nikachungulia karatasi yake. Nukta zake zinashuka vizuri, zinapanda vizuri, halafu kwenye pembe ya nyuzi sabini kuna nundu. Nundu kubwa kama ya ng'ombe!

Mstari wangu hauna nundu.

Nimetembea ua wote wa chuo nikiwaza. Mmoja wetu amekosea. Kalamu Nne hakosei. Tangu nimjue hajawahi kukosea hata njia. Kwa hiyo nimekosea mimi, na zimebaki siku mbili, na nikimuuliza atajua, na akijua bodi itajua, na chumba kitajaa viti, na mimi nitarudi nyumbani kwa mke asiye na bahari.

Mpango mpya. Huu ni bora kuliko yote! Nimeipiga picha karatasi yake kwa simu. Nitapitisha mstari juu ya nukta zake zote, na nundu yake, nitauita "hesabu". Ijumaa hesabu na vipimo vitakubaliana kwa asilimia mia. Hakuna wanasayansi waliowahi kukubaliana hivyo!

Alhamisi, 19 Juni

Mstari umekamilika. Nimeupenda. Nundu nimeichora kwa mkono mwepesi.

Kalamu Nne alinifuata kwenye korido mara mbili, akasema kuna jambo kuhusu vipimo vya jana anataka tuzungumze. Mara ya kwanza nikasema jino linaniuma. Mara ya pili nikapitia dirisha la stoo. Ni wazi amehisi kitu. Kwa kasi yake ya kuongea, nikimkimbia hadi kesho saa nne hatawahi kumaliza sentensi.

Nyumbani Mama Mkwe akaniuliza mbona nina furaha kama aliyeokota pesa. Nikasema ni matumaini tu, mama. Akasema matumaini hayamtikisi mtu mguu, anayetikisa mguu hivyo ana jambo.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika nikiwa nimekaa kitandani, soksi bado miguuni.

Wajumbe walikuwa watatu. Kiongozi wao ni mama mmoja mhandisi wa madaraja, mtu mzima, viatu vya kazi, macho makali. Mkuu akatukaribisha. Kalamu Nne akatangulia. Akaeleza tufe, akaeleza wimbi, polepole, na ajabu ni kwamba wote walimsikiliza. Akaonyesha nukta zake ukutani.

Hazikuwa na nundu.

Nikazitazama mara mbili. Laini! Zinashuka, zinapanda, zinashuka. Kwenye nyuzi sabini pametulia kama maji ya mtungini. Na zamu yangu ikawa imefika, na kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza.

Mstari wangu ukapanda ukutani juu ya nukta zake. Ukazifuata vizuri kabisa, ukafika nyuzi sabini, ukapanda mlima peke yake.

Mama Mhandisi akauliza mlima ule ni nini.

Nikasema ni tabia ya ndani ya tufe.

Akauliza, "Tufe si la chuma? Wimbi limeingiaje ndani?"

Nilisikia feni. Nilisikia fundi wa maabara akikohoa kwa niaba yangu. Mkuu wa Idara alikuwa ananitazama, na safari hii hakuinamisha kichwa.

Kalamu Nne akageuka akaitazama ile nundu. Nikaona jinsi uso wake ulivyobadilika: aliitambua. Ni yake! Baadaye fundi aliniambia yote. Jumatano watu wa stoo walikuwa wameshaleta kiti kimoja cha chuma na kukiacha pembeni mwa chumba, na wimbi lilikuwa linakigonga na kurudi. Kalamu Nne alikigundua jioni, akakitoa, Alhamisi akapima upya kuanzia mwanzo. Hilo ndilo alilotaka kuniambia kwenye korido. Kwa hiyo hesabu yangu, mbele ya bodi nzima, ilikuwa imekokotoa kiti.

Alikuwa na sentensi moja tu ya kunimaliza. Hata kwa kasi yake, isingechukua nusu dakika. Nilitazama sakafu nikaisubiri.

Akasema, "Samahani, Mama. Hapo kosa ni langu. Vipimo vyangu vya awali vilikuwa na kasoro, na nilichelewa kumwambia mwenzangu, vikachanganyika na kazi yake." Kisha akanigeukia. "Ndugu yangu, tuonyeshe ile ya Jumatatu."

Nikaifungua.

Mstari ukapanda ukutani. Ukapita katikati ya nukta ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ukashuka nazo kwenye mabonde, ukapanda nazo kwenye vilima vidogo vidogo ambavyo hakuna mtu angevibuni, moja baada ya moja, kama uzi unaopita kwenye shanga. Mahali pengine nukta ilikosa mstari kwa unywele, na Kalamu Nne akasema hapo mkono wake ulichoka. Mama Mhandisi akainuka kitini, akaenda hadi ukutani, akafuata mstari kwa kidole. Akacheka kwa furaha, kama mtoto aliyeonyeshwa mchezo wa kiini macho akaambiwa siri yake. Akasema madaraja yake hayajawahi kumtii hivyo.

Akauliza arobaini na tano tuliipataje. Nikamweleza vipande vinavyopita nje ya tufe. Nikamweleza vizuri. Nilipomaliza niligundua kwamba nilikuwa naongea polepole.

Chumba kimebaki! Watu wa stoo watafute pengine. Mkuu akaniita pembeni, akasema mkataba wangu utaongezwa miaka miwili, na kwamba ile nundu angependa aelezwe siku nyingine, faraghani, tukiwa tumekaa.

Wageni walipoondoka Kalamu Nne alikuwa anakunja nyaya. Nilitaka kumwambia neno. Nilikuwa nalo kabisa, limefika kooni. Nikasema, "Kazi nzuri."

Akasema, "Yetu sote."

Nikamshikia ncha ya waya hadi akamaliza kukunja. Ilikuwa waya ndefu.

Mke wangu amenisikiliza hadi mwisho. Hakusema, "Nilikwambia." Ameleta chai, ameketi ukingoni mwa kitanda, ameniuliza kama nitavua soksi.

Jumapili, 22 Juni

Siku mbili za kutafakari. Nimejifunza mengi. Kwanza, anayepiga picha karatasi ya mtu ahakikishe ni ya siku hiyo.

Mke wangu anasema Kalamu Nne lazima ashukuriwe ipasavyo, si "kazi nzuri". Mama Mkwe amekazia: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nimekubali kwa moyo wote. Kesho asubuhi namwandalia shukrani ambayo hataisahau.

Kwenye ubao wa matangazo kuna nafasi ya mhadhiri kwenda kufundisha chuo rafiki kwa miaka miwili. Ni mbali. Ni mbali sana. Wana maabara kubwa na hewa nzuri. Nitampendekeza yeye! Nitamsifu hadi washindwe kukataa. Nitaeleza uvumilivu wake, usahihi wake, chai yake. Atafurahi, atanufaika, na mimi nitabaki nikikitunza chumba chetu peke yangu, kwa huzuni.

Mke wangu amesoma rasimu juu ya bega langu. Ameenda kumwita mama yake aje asome naye.

Kuna jambo jingine, zuri. Mkuu anataka kujua wimbi hilo hilo likigonga kitu chenye umbo la yai linatawanyikaje. Kalamu Nne alinipigia simu leo kusema yai ni gumu mno, vipande vinaanza kuingiliana, anza pole pole, tukae pamoja wiki hii. Nikamshukuru, nikamwambia asijisumbue. Anaona wivu, masikini, na simlaumu.

Nimeshamwandikia Mkuu kwamba itakuwa tayari Jumanne. Yai ni tufe lililovutwa kidogo tu. Siku mbili zinatosha. Tatu, kama umeme utakatika.